Jinsi Kisu cha Baba Kilivyorudi Kutoka China

Siku moja baba yangu alikuwa anamalizia kisu cha kukunja, tupa ikamteleza ikachora mkwaruzo mdogo juu ya mpini, karibu na ile alama yake ya mikato mitatu. Mkwaruzo wenyewe mrefu kama punje ya mchele. Akasema potelea mbali, hiki nitampa binti yangu, si cha mteja. Akanipa. Miaka ikapita, kisu kile kikaenda China ndani ya mkoba wa jirani yangu wa duka, na kiliporudi kilikuja na wenzake, katoni juu ya katoni, na kila kimoja kilikuwa na mkwaruzo ule ule, pale pale, mrefu kama punje ya mchele. Wale mafundi wa kiwandani hawakuacha kitu. Nadhani walidhani ni nakshi.

Nilicheka mpaka nikakaa chini sakafuni dukani. Sikujua kwamba nitakuja kulia kwa ajili ya visu hivyo hivyo.

Nina duka Geita mjini, la vifaa vya wachimbaji. Nauza sululu, nyundo, mitaimbo, kamba, tochi za kuvaa kichwani, mabuti ya mpira na viroba vya kubebea mawe. Mchimbaji lazima awe na kisu mfukoni. Atakatia nini kamba? Atafungulia nini kiroba? Na akiwa anasubiri zamu yake ya kushuka duarani, shimo lenyewe refu na giza, atamenyea nini muwa? Mfugaji naye bila kisu hajavaa. Kwa hiyo visu vilikuwa vinatakiwa, na vilivyotakiwa zaidi ni vya baba, maana vilikuwa havipindi wala havilegei kwenye kiungo. Tatizo ni kwamba baba yuko kijijini, Shinyanga vijijini huko upande wa Mwakitolyo, na kisu kimoja kilikuwa kinamchukua siku mbili. Ukimwambia afanye haraka anakuuliza unakimbizwa na nani.

Basi huyu jirani yangu wa duka, mama mmoja mchangamfu sana, alikuwa anakwenda China kununua mizigo. Akaniambia, dada, nipe sampuli ya hicho kisu chako, nitawaonyesha wenye kiwanda, utapata mia kwa muda ambao mzee anapata kimoja. Nikampa. Sikumuuliza baba. Ningemuuliza angekataa, ndiyo maana sikumuuliza.

Visu vilipofika viling'aa, nyie! Mpini mweusi, bapa kama kioo, na mikato mitatu ya ukoo wetu imekaa mahali pake. Sisi ni watu wa kufua chuma tangu enzi za mababu, na alama ile baba aliipokea kwa baba yake. Niliviuza kama karanga. Wachimbaji walivichukua, wafugaji waliokuja Geita walivichukua, watu wa bodaboda walivichukua hata kama hawakuwa na cha kukata. Nikajiona mjanja. Niliposafiri kwenda nyumbani nilimbebea baba boksi zima, nikaliweka mapajani mwake kama mtoto aliyeshika namba moja darasani.

Baba hakuangalia sana. Alipitisha kidole gumba juu ya mpini, taratibu, mpaka kikafika kwenye ule mkwaruzo, kikasimama.

"Hata kosa langu mmelisafirisha?" akaniuliza.

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alilifunga boksi akaniuliza kama nimekula njiani.

Miezi michache baadaye nilikuwa tena nyumbani, nimekuja kumwona mama. Ilikuwa mchana, natoka jikoni na bakuli la ugali, nikamwona mfugaji mmoja wa kijiji cha jirani anaingia uani. Mtu mrefu, shuka begani, fimbo mkononi, ana ng'ombe wengi na mdomo wa kutosha. Akamwamkia baba kwa Kisukuma, "Mwadila, baba," baba akaitikia. Ndipo akatoa kisu mfukoni kikiwa vipande viwili, akaviweka juu ya fuawe, lile chuma la kufulia.

"Fundi, nilikuwa natoa mwiba kwenye kwato ya ndama," akasema. "Kikapinda kama kijiko. Nikakinyoosha, kikakatika. Kwani siku hizi unafua mabati?"

Baba akakishika kile kipande cha mpini. Kidole gumba kikaenda kwenye mikato mitatu, kikaenda kwenye mkwaruzo. Akajua. Na mimi pale mlangoni na bakuli langu nikajua. Baba alikuwa na sababu zote za kuninyooshea kidole na kusema, muulize huyo, hivyo ni vyake. Nilisubiri aseme. Haki ya Mungu, nilitamani aseme.

"Nimekosea," baba akasema. "Nisamehe."

Akaingiza mkono mfukoni mwake, akatoa kisu chake mwenyewe cha miaka yote, kile alichokuwa anakatia nyama na tumbaku, akampa yule mtu. Mfugaji akakipokea, akaaga, akaondoka. Na mimi nilinyamaza. Mimi ambaye soko zima la Geita linanijua kwa mdomo, ambaye nimewahi kumfukuza mnunuzi wa dhahabu dukani kwangu kwa sababu alinitazama vibaya, siku hiyo nilisimama na ugali mkononi mpaka ukapoa.

Maneno yakafika mnadani, kule wanakouzwa ng'ombe. Mnada ni mnada, jambo likisemwa pale asubuhi, mchana liko vijiji sita. Kwamba mzee amechoka. Kwamba anafua mabati. Watu wakaanza kupita mbele ya nyumba yetu na majembe yao begani wakienda kwa fundi wa kijiji cha pili, wanasalimia vizuri kabisa, wanapita. Bandani kwa baba mivukuto ya kupulizia moto ikalala, na kuku wakapata mahali pa kutagia, kwenye majivu yaliyopoa siku nyingi. Mama alinipigia simu akaniambia, kwa sauti yake ya kawaida kama mtu anayezungumzia mvua, "Baba yako hajala akashiba tangu yule bwana aje."

Nilifunga duka mapema siku hiyo. Nilikaa nyuma kwenye magunia nikalia kama mtoto, kamasi na vyote.

Kesho yake nilimwambia jirani yangu kwamba oda ya China nimeifuta. Akaniuliza nani ameniroga. Katoni zilizobaki nilizisukuma chini ya kaunta, sikuuza hata kimoja tena. Kisha nikapanda basi kwenda nyumbani, nikamkuta baba amekaa mbele ya banda, nikapiga magoti. Sikuomba msamaha kwa maneno mengi, nayajua maneno yangu, yakizidi yanageuka ugomvi. Nikamwambia, "Baba, nataka visu vitengenezwe hapa nyumbani."

"Vilikuwa hapa," akasema. "Ni wewe uliyevipeleka."

Lakini hakusema hapana.

Mambo yakaanza. Mdogo wangu wa kiume, mtu mzima mwenye mke wake, alikuwa anachimba Nyarugusu. Duara lao lilikuwa limejaa maji, hana kazi, nikamwita aje apige nyundo, maana mkono wa baba ulikuwa bado una akili ila hauna nguvu ya siku nzima. Mke wake mjamzito alibaki Nyarugusu kwa mama mdogo wake. Mimi nikazunguka gereji za Geita nikitafuta springi za malori zilizokatika, chuma kizuri kuliko chochote kwa kisu. Mafundi wa gereji walinicheka, mama mzima amebeba vyuma vya lori kichwani. Pembe za ng'ombe nilizipata machinjioni bure. Pembe unaichemsha mpaka inalainika, unaibana kati ya mbao mbili, ikipoa imenyooka, unapata mpini. Harufu yake, jamani, msinikumbushe.

Nikaja na grenda ya umeme pia, ili kazi iende mbio. Baba akaisikiliza inavyopiga kelele, dakika moja tu, akasema, "Itoe hiyo. Inakula chuma bila kukiuliza." Tukakubaliana itumike nyuma ya nyumba, mbali na masikio yake.

Kwetu mwanamke haingii kwenye banda la mfua chuma moto ukiwa unawaka. Msiniulize sababu. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza bibi, akaniuliza kama sina kazi za kufanya. Kwa hiyo baba na mdogo wangu walikuwa ndani, kwenye giza la banda, na mimi na mama tulikaa nje chini ya upenu wa jiko, hatua kama nane kutoka kwenye mlango wao, tumeuelekea. Mimi napiga tupa, natoboa matundu, nagonga ribiti za kushikilia mpini. Mama anakata viazi vitamu vya kuanika viwe michembe, kiazi baada ya kiazi, na kuwafokea kuku. Mama na kuku wake! Kila baada ya muda, "Shii! Tokeni huko!" Miaka hii ya karibuni, kila nikija nyumbani namkuta anawafokea. Nikasema ni uzee.

Kazi ya kisu iko kwenye kukizamisha. Bapa linachomwa mpaka linakuwa jekundu, halafu linazamishwa kwenye oili chakavu, chwaaa! Ukilizamisha mapema, linabaki laini, litapinda. Ukichelewa, limeungua, litakatika. Katikati ya hapo ni kama kufumba na kufumbua jicho. Baada ya hapo linalazwa kidogo kwenye mchanga wa moto ili lipoe hasira. Baba akishamaliza analichomeka kwenye gogo, analivuta kwa ubavu kwa nguvu zake zote. Likirudi kunyooka, anasema "Haya," ananirushia mimi.

Visu kumi na viwili vya kwanza vilitoka, na vyote baba alisema haya. Nikavipeleka Geita. Ukikifungua kinasema ta! ukikifunga kinasema ta! Wachimbaji walivifungua na kuvifunga mpaka nikawafukuza dukani. Nikapaka rangi kibao nikaandika: Visu vya Hapa Hapa. Nilitembea mjini nimeinua shingo, nawaambieni ukweli.

Habari ikamfikia yule mfugaji. Akaja, hata hakuketi.

"Nasikia umerudi kazini, fundi. Basi nitengenezee sita. Nina wanangu sita wanaohama na ng'ombe kiangazi hiki. Vikiwa vizuri nitasema mnadani. Vikiwa kama kile, nitasema pia, na mimi huwa sisemi polepole."

"Mwezi ujao," baba akasema.

Nikapiga hesabu. Visu sita tu. Vikifaa, baba anarudi kuwa fundi mbele za watu. Visipofaa amekwisha, na aliyemmaliza ni mimi mwanawe. Nilimwachia mume wangu duka, nikahamia nyumbani mpaka viishe.

Wiki hiyo hiyo simu ikapigwa kutoka Nyarugusu, mke wa mdogo wangu amejifungua. Mtoto wa kike, wote wazima. Tulipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Mama akafunga mizigo yake, unga wa uji, kanga mbili, akapanda bodaboda kwenda kumkanda mzazi. Alipokuwa anaondoka alisimama mbele ya banda akamwambia baba, "Pumzikeni mpaka nirudi." Baba akasema kazi ya mtu haipumziki. Mama akamtazama kitambo, halafu akapanda pikipiki.

Sasa sikilizeni. Bapa la kwanza likapinda. Baba akalivuta kwenye gogo, likakaa limekunjamana kama jani. La pili likakatika, ncha ikaruka ikaenda kugonga bati la paa. La tatu likapinda. La nne likakatika. Siku tatu, mabapa kumi na moja, hakuna hata moja lililosema haya.

Mimi nikawaka. Nilimwambia mdogo wangu kwamba ameharibu springi, amechanganya chuma cha kitanda na chuma cha lori. Akasema ni mkaa niliokuja nao, mbichi. Nikasema mkaa ni ule ule. Akasema basi ni oili yako ya dukani. Nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, mama yetu atayasoma. Akatupa nyundo chini akaondoka, siku mbili hatukuongea, tunapishana uani kama magari. Baba alikaa mbele ya banda na mabapa yaliyoharibika miguuni, anayapapasa moja moja. "Chuma cha siku hizi kina kiburi," akasema. Kisha akayasogeza yote kando kwa mguu. Nilimwona amekuwa mdogo kwenye kigoda chake. Baba yangu!

Mama akarudi baada ya wiki tatu, na picha za mjukuu kwenye simu na ndizi kichwani. Akatusikiliza tulivyokuwa tunalaumiana, mimi na mdogo wangu kila mtu na mashtaka yake. Akatua ndizi zake, akaenda kulala. Asubuhi yake akakaa pale pale chini ya upenu na beseni lake la viazi, akaniambia, "Mwambie mdogo wako awashe moto."

Mivukuto ikapuliza. Nyundo ikalia. Mimi nimeinama kwenye tupa yangu. Mama anakata viazi, sha, sha, sha. Halafu, "Shii! Tokeni huko!" Na bandani, papo hapo, chwaaa!

Baba akalichomeka bapa kwenye gogo, akavuta. "Haya," akasema. Likarushwa likaangukia miguuni kwangu.

Nikainua uso. Kuku wote walikuwa nyuma ya nyumba, nawasikia wanachakura kwenye takataka. Uani hapakuwa na kuku hata wa dawa.

Bapa la pili likaingia motoni. Safari hii sikupiga tupa, nilimtazama mama. Mikono inakata viazi, lakini macho hayako kwenye viazi. Macho yalikuwa ndani ya banda, kwenye lile giza, pale chuma kilipokuwa kinaanza kuwaka. Akakaza macho, akakaza, kisu cha viazi kikasimama. "Shii!" Chwaaa!

"Mama," nikanong'ona. "Kuku wako wapi?"

"Kuku gani?"

"Hao unaowafukuza."

Akakata kiazi kizima kabla hajanijibu. "Punguza sauti," akasema.

Akanieleza, mikono yake haikusimama kukata. Kwamba mwaka wa nne sasa macho ya baba yana ukungu. Hakusema mwenyewe, ni yeye mama aliyegundua, siku baba alipomkaribisha mbuzi akae akidhani ni jirani. Mchana anaona watu kama vivuli. Chuma kikiwa motoni hajui kama ni chekundu au kimeungua, na mdogo wangu naye anajua kupiga tu, rangi haijui. Na yeye mama hawezi kuingia bandani, na mzee hawezi kupaziwa sauti na mke wake kwenye kazi yake mbele ya watu kana kwamba yeye ni mtoto. Ndipo wakaanza kuja kuku.

"Rangi yenyewe ni ipi?" nikamuuliza.

"Nyanya. Nyanya iliyoiva, ya leo. Kikiwa bado na weusi ni kibichi. Kikianza kuelekea chungwa umekipoteza."

"Nani alikufundisha?"

"Nimekaa hapa miaka arobaini nimemwelekea," mama akasema. "Wewe ulidhani naangalia viazi?"

Nikaweka tupa chini. "Na baba anajua?"

"Hatujawahi kuliongea. Gonga ribiti zako."

Siku ile na iliyofuata mabapa matano yakasema haya. Likabaki moja. Mchana wa siku ya pili mama akaitwa mashine ya kusaga, zamu yetu imefika, unga nyumbani hakuna, akajitwisha mahindi akaondoka haraka. Baba hakumsikia akiondoka. Nikasikia mivukuto inapuliza, nikaona bapa la sita linaingia motoni. Nikasema Mungu wangu. Ningeenda kumwambia nini? Baba, subiri kuku? Nikakaza macho kama nilivyomwona mama. Chuma kikaanza kuwa chekundu, nikasema nyanya, hiyo ni nyanya kabisa, nikatoa sauti ya mama kadiri nilivyoweza:

"Shii! Tokeni huko!"

Wapi! Hakuna chwaaa. Mivukuto ikasimama. Mdogo wangu, ambaye mimi sikuwa nimemwambia neno, akachungulia mlangoni kutafuta kuku.

"Binti yangu," sauti ya baba ikatoka gizani.

"Abee, baba."

"Kuku wako wanakuja mapema. Tumsubiri mama yako."

Akalitoa bapa motoni, akaliweka pembeni lipoe. Nikasikia anacheka. Kicheko kidogo cha tumboni, ambacho sikuwa nimekisikia tangu siku ya kile kisu kilichovunjika. Nikafunika uso kwa kanga nikacheka na kulia vyote pamoja. Kumbe anajua! Miaka yote anajua, na anamwachia mama awafukuze kuku wake, na mama anamwachia awe fundi, na hakuna aliyemwambia mwenzake. Niliwapenda wale wazee wawili siku hiyo, jamani. Mama aliporudi na unga wake akakaa mahali pake, akatuangalia wote. "Mna nini?" Baba akamwambia mdogo wangu avute mivukuto. Bapa la sita likasema haya.

Mfugaji alikuja kama walivyopatana na baba. Nilikuwa nimevipanga visu sita juu ya kiroba kipya, mipini ya pembe inameta. Hakumsalimia mtu kwa maneno mengi. Akachukua cha kwanza, akakifungua, ta! akanyoa nywele za mkono wake. Akakichomeka kwenye nguzo ya zizi, akakivuta kwa ubavu, uso umemkunjamana. Kikarudi kikanyooka. Akachukua cha pili, akafanya hivyo hivyo. Vyote sita. Sisi tumesimama. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa mdogo wangu bila kujua.

"Mkono wako umerudi, fundi," mfugaji akasema, na uso wake ukalegea. "Kile cha mwanzo sijui ulikuwa unaumwa. Nitasema mnadani, nimekubali."

Hapo tungeweza kuishia. Baba ameshinda, kila kitu kimekaa sawa. Lakini ule ugali uliopoa mkononi mwangu ulikuwa haujanitoka moyoni.

"Kile hakikuwa cha baba," nikasema. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Kilikuwa changu. Nilipeleka kisu chake China bila kumwambia, wakanitengenezea vya bei nafuu na alama yake juu. Ulipokuja kulalamika nilikuwa mlangoni nakusikia, nikanyamaza. Baba hajawahi kufua bati maisha yake yote. Hilo nalo kaliseme mnadani."

Mfugaji akanitazama, akamtazama baba. Baba alikuwa ameinamisha kichwa. Nilidhani nimemuudhi, nimemwanika mbele ya mgeni. Kisha akainuka, akatoka mlangoni mwa banda na nyundo mkononi, akasimama kwenye jua.

"Binti yangu amesema lake," akasema. "Na mimi niseme langu. Hivyo visu sita si vyangu peke yangu. Mimi chuma motoni sikioni. Miaka minne sasa naona ukungu. Ninajua kupiga. Saa ya kuzamisha siijui. Anayeijua ni yule pale."

Akanyoosha nyundo kuelekea upenuni.

"We mzee!" mama akasema. Viazi vikamdondoka. "Unaongea nini mbele ya mgeni?"

"Naongea ukweli," baba akasema. "Alipokwenda Nyarugusu niliharibu kumi na moja."

Mdogo wangu akanigeukia, macho yamemtoka. Sikumwangalia, nilikuwa nadaiwa samahani kubwa na nilijua. Mfugaji alibaki amesimama na visu vyake. Nilimwona anawaza. Mtu wa mdomo vile, mnada mzima unamsubiri aseme, na hii ndiyo habari aliyopewa: mzee kipofu na mke wake. Nilimwambia Mungu kimoyomoyo kwamba akicheka tu, nitamvunja kwa ile nyundo, na Mungu mwenyewe anisamehe.

Hakucheka. Aliviviringisha visu kwenye kiroba, akavitia kwenye mfuko wake, akavuka ule uwanja mpaka upenuni. Akalaza fimbo yake chini. Akachuchumaa mbele ya mama.

"Mwadila, mayu," akamwamkia, kama mtu anavyomwamkia mama yake. "Kuna wenzangu wataviona hivi mnadani, watataka kama hivi. Nije lini?"

Katika miaka arobaini hakuna mwanamume aliyewahi kumuuliza mama jambo la chuma. Akafuta mikono kwenye kanga, mmoja, kisha mwingine. Akamtazama baba, aliyekuwa bado amesimama juani, nyundo imening'inia, anageuza sikio upande wetu apate kusikia.

"Wiki mbili," mama akasema. "Na kabla ya hapo usije kumharakisha fundi wangu."